Nitamwacha

Wiki iliyopita niliingia duka la Wahindi pale Queensbury kununua mchele, nikapita karibu na gunia la ndimu kavu, zile nyeusi, nyepesi, ngumu kama mbao, ambazo Waarabu hutia kwenye supu. Harufu yake ilinifikia kabla sijaziona. Mkono wangu ukakamata mpini wa kitoroli mpaka vidole vikauma. Mwenye duka akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu na ufunguo wa nyumba yangu, lakini dakika ile nilikuwa na miaka minane, nimesimama katika kichochoro cha soko Dubai, nikiamini kwamba mama yangu amenileta huko kunitupa.

Wenzangu mliozaliwa huku London mtakumbuka Kiswahili kilivyokuwa kwetu. Kilikuwa lugha ya kusikia. Wazazi wakikisema, sisi tukijibu kwa Kiingereza, na mambo yakaenda hivyo miaka nenda miaka rudi. Nilikielewa kama mtu anavyoielewa redio ya jirani kupitia ukutani: maneno mengine yanafika mazima, mengine yanafika nusu, na nusu iliyobaki unaijaza mwenyewe. Mimi nilikuwa hodari wa kujaza.

Fleti yetu ilikuwa ya kunong'ona. Baba alikuwa akihudumia wazee usiku katika nyumba ya kulelea wazee na kulala mchana, kwa hiyo tangu nijue kutembea nilijua kutembea kwa soksi. Siku moja, baada ya kutoka shule, nilipita ukumbini nikasikia maji yakimwagika bafuni na sauti ya Mama chini ya kelele za maji. Alikuwa akizungumza kwenye simu na dada yake mkubwa, Mama Mkubwa Zuwena, aliyeolewa Dubai. Nilisogeza sikio mlangoni.

"Nshakata shauri, dada," Mama alisema. "Nitamwacha. Siwezi tena, wallahi siwezi." Akanyamaza kidogo akisikiliza. "Tunakuja likizo hii. Mtoto simwambii kitu mpaka tufike huko."

Mambo yalionekana wazi kabisa. Anayepelekwa huko ni mimi. Asiyetakiwa kuambiwa kitu ni mimi. Basi na wa kuachwa ni mimi. Usiku ule nilijifunika shuka gubigubi nikatafuta kosa langu. Nilikuwa nimekataa kwenda chuoni kusoma Kurani Jumamosi mbili mfululizo. Nilikuwa nimevunja chetezo cha udi alichopewa Mama na marehemu bibi, nikasema kimeanguka chenyewe. Na kila siku, mbele ya wageni, Mama alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza, hata wageni wakacheka na yeye akacheka nao, lakini macho yake hayakucheka. Makosa yalinitosha. Sikumwambia Baba. Niliona kwamba nikilisema jambo lile kwa sauti litakuwa kweli.

Mama Mkubwa Zuwena alitupokea uwanja wa ndege kwa vigelegele. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kujaza nyumba, na hakujaaliwa mtoto. Akanishika mashavu, akanibusu huku na huku, akamwambia Mama, "Huyu harudi London tena, huyu wangu!" Wote wawili wakacheka. Mimi nilijificha nyuma ya Mama.

Nyumbani kwake akanionyesha chumba. Kulikuwa na kitanda cha shuka za waridi, taa ya umbo la mwezi, na kabatini gauni mpya nne zilizotundikwa, zote za kimo changu. "Hiki chumba chako," akasema. Sijapata kuogopa kitu kama nilivyoziogopa gauni zile. Mtu hamnunulii mgeni wa siku saba nguo nne. Usiku nilitoka nikaenda kulala sakafuni mlangoni mwa chumba cha Mama, ili akitoroka alfajiri anikanyage kwanza.

Tulianza kutembezwa. Kesho yake tulipelekwa kwenye lile jengo refu kuliko yote duniani. Lifti ilipanda kwa kasi hata masikio yakaziba. Tulipotoka huko juu, watalii waliguna kwa furaha wakakimbilia vioo kupiga picha. Chini yetu magari yalikuwa kama punje za mtama, barabara zilijikunja kama tepe, na mbele zaidi jangwa lilianza ghafla, kama vile mchoraji amechoka akaacha karatasi. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alisimama peke yake kwenye kona ya kioo, amevaa baibui jeusi la dada yake, na machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti. Mama Mkubwa akamfuata akamshika bega.

"Ukishaamua, usijirudi," nikamsikia akisema. "Utajiumiza bure."

"Nitamkosa," Mama akasema.

Nilikaa pale pale chini, juu ya zulia, kwenye ghorofa sijui ya mia na ngapi, nikakataa kuinuka. Walidhani naogopa urefu. Mlinzi akaniletea maji. Mama akanibeba mpaka kwenye lifti, nami nikamng'ang'ania shingo hata akasema, "Taratibu, unaniziba pumzi."

Siku iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu tulikwenda kwenye ngome ya zamani iliyofanywa makumbusho. Nje kulikuwa na jua kali la kupofusha macho. Ndani unashuka ngazi kuingia gizani. Kule chini wametengeneza sanamu za watu wa kale, za kimo cha binadamu, zimevaa nguo za kweli na zina nywele za kweli. Kuna muuza nguo, kuna mhunzi, na wapo wapiga mbizi wa lulu waliobana pua zao. Kutoka mahali fulani ilikuwa ikisikika sauti ya nyundo na ya watu wanaozungumza, ila hakuna mdomo uliokuwa ukifunguka. Nilijikaza mpaka tulipofika kwenye darasa. Watoto wameketi chini kwenye mkeka mbele ya mwalimu, vitabu mapajani, wamenyamaza kimya. Mmoja wao, msichana wa umri wangu, alikuwa amegeuza uso kidogo kuelekea mlangoni, kama anayemsubiri mtu.

Nilijua palepale kwamba hao ndio walioachwa.

Nilipiga ukelele uliowafanya watalii wote wageuke. Mama Mkubwa akanitoa nje mbio mbio, akaninunulia juisi ya embe, akanipepea kwa bahasha aliyoitoa mkobani mwake. "Mtoto huyu ana nini, Asha?" akamuuliza Mama. "Mbona anashtuka shtuka hivi? Huko London mnamlisha nini?" Mama alinitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna kitu kinanisumbua. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilifikiri kwamba pengine bado hajaamua sawasawa, na nikimkumbusha ataamua. Nikatikisa kichwa.

Siku ya nne ikawa ya masoko. Tulivuka mkono wa bahari kwa abra, kile chombo kidogo cha mbao chenye benchi katikati, kisicho na ukuta wala kamba, abiria wanakaa migongo imegusana na maji yako karibu na viatu. Nilijifunga kwa Mama kwa mikono miwili. Ng'ambo ya pili tukapokewa na harufu. Hapo ndipo nilipozijua ndimu kavu, gunia baada ya gunia, nyeusi, zimekunjamana, na zafarani kwenye vikopo vya kioo, na mdalasini uliopangwa kama kuni, na ubani. Wauzaji walituita kwa lugha zote: dada, madam, habibti, jambo. Mmoja akanishika bega kwa upole aniwekee mkononi kipande cha ubani ninuse, nikaruka kama nimeungua.

Kutoka hapo tukaingia soko la dhahabu. Sijui wengine wanaona nini wakiingia pale. Mimi niliona vioo vinavyowaka pande zote mbili, vifua vya sanamu bila vichwa vimevishwa dhahabu kuanzia shingo mpaka kiunoni, na watu wengi wanaobanana chini ya paa la mbao. Na wanawake, karibu wote, wamevaa mabaibui meusi. Kule London ningemtambua Mama kutoka mwisho wa barabara kwa koti lake jekundu. Hapa Mama alikuwa rangi moja na kila mtu. Nilishika ncha ya baibui lake, nikaizungusha kidoleni mara mbili, nikaapa kwamba sitaiachia hata nikikatwa.

Akaja mchukuzi na mkokoteni wa mabunda ya nguo, akipiga kelele tumpishe. Watu wakagawanyika. Kidole changu kikavutwa, nguo ikaponyoka. Mkokoteni ulipopita niliruka nikaidaka tena ncha ya baibui, nikaizungusha tena, moyo ukatulia. Tukatembea. Tukakata kona, tukapita maduka ya vitambaa, tukakata kona nyingine. Niliona ajabu kwamba Mama Mkubwa amenyamaza muda wote huo. Nikainua kichwa.

Yule mwanamke naye aligeuka wakati uleule. Alikuwa msichana mzuri, mwenye wanja, na alinitabasamia kwa mshangao akasema kitu kwa Kiarabu. Niliiachia nguo yake nikakimbia.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba sikumtafuta Mama. Mtoto aliyepotea hutafuta. Mimi sikuwa nimepotea, nilikuwa nimeachwa, na imekwisha kuwa. Nilifikiri: kumbe ni leo. Kumbe hufanywa sokoni, penye watu wengi. Nilitafuta tu mahali pa kukaa. Nikaona ngazi mbili mbele ya duka la manukato lenye mlango wa kijani, nikakaa, nikaiweka mikono magotini kama yule msichana wa makumbusho, nikaanza kulia bila sauti.

"Wewe mtoto, waliani? Mamako yuwapi?"

Mwanamke aliyevaa sare ya duka alikuwa ameinama mbele yangu. Alikuwa mweusi kama sisi, ana kibandiko cha jina kifuani, na alisema Kiswahili, si kama cha nyumbani hasa, lakini Kiswahili. Alinisemesha kwa kubahatisha, baadaye alieleza, kwa sababu nilikuwa nimefanana na mtoto wa kwao Mombasa. Nami nilimjibu. Maneno yalitoka kana kwamba yalikuwa yamekaa tayari mdomoni miaka yote.

"Mama ameniacha."

"Hapana. Mmepotezana tu. Soko hili hata mimi lilinipoteza."

"Ameniacha. Alisema kwenye simu. Alisema nitamwacha."

Alinitazama, kisha akaniingiza ndani kwenye kiyoyozi, akanikalisha juu ya kigoda nyuma ya kaunta ya kioo. Akasema anaitwa Riziki. Nikamuuliza kama ana mtoto. Akasema anaye, wa kiume, wa miaka sita.

"Yuko wapi?"

"Kisauni. Kwa nyanya yake."

"Umemwacha?"

Riziki alikuwa akifuta chupa kwa kitambaa. Mkono wake ulisimama. "Namtafutia riziki," akasema mwishowe. "Kila Ijumaa nampigia simu." Halafu akageuka akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimepangwa tayari, na nilipoona mabega yake yanavyokwenda nikaogopa upya, kwa sababu nilijua sasa kwamba jambo hili lipo kweli duniani, na kwamba hufanywa na watu wazuri.

Aliponiuliza namba ya simu ya Mama sikuijua. Nilijua moja tu, ya simu ya nyumbani London, niliyofundishwa na Baba kwa kuiimba. Riziki akatoa simu yake mwenyewe, akaongeza tarakimu za Uingereza mbele, akaniwekea sikioni. Ililia sana. Kule ilikuwa mchana. Baba alikuwa amelala.

"Haloo?" Sauti nzito ya usingizi.

"Baba," nikasema.

Riziki akaichukua simu akamweleza: soko la dhahabu, mlango wa kijani, mtoto mzima, hana hata mchubuko. Kisha akanirudishia. "Sikiliza," Baba akasema, na usingizi ulikuwa umemtoka wote. "Usiinuke hapo ulipo. Nampigia Mama Mkubwa kwa simu yangu ya mkononi. Hii siikati. Baba yupo." Nikamsikia, mbali kidogo na mkono wa simu, akipaza sauti katika simu nyingine: "Zuwena! Mtoto yuko duka la manukato! Mlango wa kijani! Mwambie Asha asikimbie ataanguka!" Halafu akarudi kwangu. Akaniuliza duka linanukaje. Nikamwambia linanuka waridi na kitu kingine. Akasema kitu kingine hicho ni udi. Tuliendelea hivyo, yeye London amesimama jikoni, mimi nyuma ya chupa, mpaka mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Mama alikuwa na kiatu kimoja. Mtandio umemwangukia shingoni, uso umelowa. Niliweka simu juu ya kaunta. Alinishika akanitikisa, akanikumbatia, akanitikisa tena. "Ulikwenda wapi? Ulikwenda wapi wewe?"

"Wewe ndiye uliyeniacha," nikamwambia kwa Kiswahili.

Mikono yake ikaniachia. Mama Mkubwa alikuwa akihema mlangoni.

"Nikuache wewe? Nikuache niende wapi?"

"Ulisema bafuni. Ulimwambia Mama Mkubwa. Nshakata shauri, nitamwacha."

Mama alikaa chini. Alikaa sakafuni katika duka la watu, baibui limemzunguka kama maji yaliyomwagika, akanivuta mapajani. Alimtazama dada yake, na dada yake akasema polepole, "Mwambie tu, Asha. Mtoto ameteseka bure."

"Si wewe," Mama akasema. "Si wewe, roho yangu. Nilikuwa namsema baba yako."

Kwa Kiingereza ningelijua tangu siku ya kwanza. Kiswahili hakikuniambia kama anayeachwa ni mwanamume au mwanamke, na sikujua bado kwamba watu wazima hutumia neno hilohilo kwa ndoa. Sababu zao nilikuja kuzijua ukubwani, na si zangu kuzisimulia. Ninalopaswa kusimulia ni langu: nilifurahi. Furaha ilinijaa hata nikacheka kwa sauti. Si mimi! Nilimbusu Mama mikono. Nilikuwa nacheka bado nilipomwona Riziki akinyoosha mkono kuchukua simu yake kwenye kaunta, akaitazama, akasema kwa upole, "Imekatika."

Kicheko kikanikwama. Sikujua ilikatika lini.

Siku tatu zilizobaki tulitembea sana. Tuliona maji yanayocheza kwa muziki, tulikula samaki, Mama Mkubwa alinivalisha gauni zake zote nne. Mama alikuwa mwepesi, kama aliyetua mzigo, akinishika mkono kila mahali. Mimi nilikuwa nimebeba hofu nyingine, na hii sikuweza kumwambia hata yeye. Usiku nilirudia maneno yetu ya dukani, moja moja, nikijaribu kukumbuka kama simu ilikuwa ikiwaka au imezimika.

Baba alitupokea Heathrow akiwa na koti langu mkononi, kwa sababu nilikuwa nimelisahau na kulikuwa na baridi. Akanivalisha, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Nilimchunguza uso kama polisi. Ulikuwa uso wake wa kila siku. Akamwambia Mama, "Karibuni nyumbani," akachukua masanduku yote mawili. Njia nzima alitaka kujua kuhusu lile jengo, na lifti, na kama niliona mawingu kwa chini. Nilimjibu yote. Nilimshika mkono, na kila alipocheka niliogopa.

Zikapita wiki. Nilikuwa nikirudi kutoka shule na kutazama kwanza viatu vyake mlangoni. Vilikuwepo. Kesho vilikuwepo. Hata ikafika Jumamosi moja asubuhi nikamkuta chumbani, ametoka kazini hajalala, na sanduku liko wazi kitandani. Mama alikuwa jikoni, bomba la maji limefunguliwa. Baba akaniita nikae karibu yake. Alikuwa amepata chumba Croydon, upande wa pili kabisa wa mji, akasema, kuna tramu, nitaipenda tramu. Nitakuwa nakwenda kila mwisho wa wiki.

Nikamuuliza, "Kwa nini?" Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sauti hiyo, ya mtoto asiyejua kitu.

Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo.

"Usijitese, mwanangu. Siku ile dukani nilisikia. Mimi ndiye niliyekata simu."

Nikamuuliza mbona hakusema kitu, siku zote hizo, mbona alikuja na koti, mbona alituuliza habari za mawingu.

"Mlikuwa mbali," akasema. "Nilitaka kwanza mfike nyumbani."

Akakunja shati la mwisho akaliweka, akajaribu kufunga sanduku, likakataa. Akanitazama. Nikapanda kitandani, nikakaa juu yake kwa uzito wangu wote, yeye akaivuta zipu polepole kuzunguka miguu yangu mpaka ikafika mwisho.